Mizani ya jikoni ya kidijitali: je, tuachane na vikombe?

Karibuni watazamaji. Leo mezani tuna mizani ya jikoni, ile bapa ya kioo inayobeba hadi kilo 5 na kusoma gramu moja moja. Pembeni yake kuna seti ya vikombe vya kupimia. Mwenye vikombe anahitaji mizani ya nini?

Jibu liko kwenye unga wa ngano. Tazama: bakuli juu ya mizani, nabonyeza TARE, inasoma sifuri. Nachovya kikombe ndani ya mfuko, nachota, nasawazisha kwa kisu, namwaga. Gramu 148. Sasa unga uleule nautifua kwa uma, naujaza kwa kijiko bila kuushindilia, nasawazisha. Gramu 122! Kikombe ni kilekile. Kwenye mandazi ya vikombe vinne, hiyo ni tofauti ya gramu 104, karibu kikombe kizima. Donge linakuwa gumu, unaongeza maji kwa kukisia, na mandazi yanatoka mazito.

Tena, kikombe chenyewe kina nchi yake. Cha Marekani ni mililita 237, cha Australia 250. Kikombe cha chai cha nyumbani hakihesabiki kabisa, kila kabati lina chake. Kwa hiyo jua kwanza mapishi yametoka wapi. Kwa kikombe cha Marekani andika hivi: unga gramu 120 hadi 125, sukari 200, siagi 227, mafuta ya kupikia 218, asali 340. Kama mapishi ni ya kikombe cha 250, ongeza kama asilimia 5 na nusu; sukari inakuwa 211 hivi.

Sasa kasoro, na hii inawaponza wengi. Ukibonyeza UNIT, mizani inakuonyesha ml. Usiiamini, isipokuwa kwa maji. Haipimi ujazo, inapima uzito na kuchukulia kila gramu ni mililita moja. Mafuta ni mepesi kuliko maji: mililita 100 zina uzito wa gramu 92 tu. Ukimimina mpaka isome 100, umeshazidisha. Asali ni kinyume chake, 100 ya kwenye kioo ni mililita 70 tu. Baki kwenye gramu.

Hamira nayo ipimie kijiko. Kijiko cha chai cha hamira ya chenga ni kama gramu 3, na kwa mizani inayoruka gramu nzima, kosa la gramu moja ni theluthi ya hamira yako. Halafu ukinyunyiza kidogo kidogo, mizani nyingi za aina hii huchukulia kuwa ni sifuri inayoyumba, hazihesabu. Mimina kwa mkupuo, au ondoa bakuli, nyunyiza likiwa pembeni, kisha lirudishe.

Kabla ya kulipa, ijaribu palepale dukani. Nenda na bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa na maji kidogo. Weka kikombe chepesi, bonyeza TARE, sukuma maji ya mabomba matano: isome 50, ikikosea iwe kwa gramu moja. Kisha sogeza kikombe hicho kwenye pembe zote nne. Namba ikipanda na kushuka kwa gramu tatu au nne, rudisha, omba nyingine.