Tathmini ya huduma ya lishe katika wodi ya upasuaji

Huduma ninayoitathmini ni ya afisa lishe katika wodi ya upasuaji ya hospitali moja ya rufaa hapa Tanzania, ambako shemeji yangu alilazwa baada ya kupasuliwa tumbo kwa dharura kwa sababu ya utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo. Naipa nyota nne kati ya tano, kwa kuwa chakula kilihesabiwa kuwa tiba na kikaandikwa kwenye faili kama dawa zinavyoandikwa.

Mgonjwa dhaifu anayesubiri upasuaji wa kupangwa anaweza kulishwa vizuri kwa siku 7 hadi 14 kabla ya kupasuliwa, lakini wa dharura huingia jinsi alivyo, kwani utumbo ukishatoboka kusubiri ni kuhatarisha maisha. Mwili wenye maambukizi huvunja misuli yake wenyewe ili upate protini, na usipofidiwa, kidonda hutunga usaha kwa urahisi, mshono huweza kufumuka, na hata mahali utumbo ulipounganishwa huweza kuvuja.

Afisa lishe alikuja na tepe, akampima mzingo wa mkono, akauliza uzito wake wa kabla ya kuugua. Albumini, yaani protini mojawapo ya kwenye damu, ilikuwa chini ya gramu 35 kwa lita, naye akatueleza kwa uvumilivu kwamba kipimo hicho hushushwa pia na maambukizi, kwa hiyo hakitoshi peke yake kuthibitisha utapiamlo. Ndugu wa wagonjwa ni nadra kuelezwa mambo kwa kina namna hiyo.

Daktari aliporuhusu, mgonjwa alianza kunywa uji mwepesi kidogo kidogo bila kungojwa mpaka atoe hewa ya tumboni kwa njia ya haja kubwa, kama wengi wetu tunavyoamini kuwa ni lazima. Kiasi kiliongezwa taratibu kwa makusudi, maana mtu aliyekaa na njaa akishindiliwa chakula ghafla, madini ya fosfeti na potasiamu huweza kushuka kwenye damu hadi moyo ukaathirika.

Lengo lilikuwa protini gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito, yaani karibu gramu 90 kwa siku kwa mtu wa kilo 60, ilhali yai moja lina takriban gramu 6. Mama yake alikuwa akileta chupa ya supu ya kuku iliyochujwa vizuri, nyama ikibaki nyumbani. "Mama, supu yako ni nzuri," afisa lishe alimwambia, "ila chakula chenyewe kimebaki kwenye sufuria. Kesho mchambulie nyama laini uichanganye humu." Tangu hapo tulileta pia mtindi, mayai na uji wa maziwa wenye karanga zilizosagwa.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu mwisho wa wiki afisa lishe hakuwapo na karatasi ya kuandikia chakula ilibaki tupu. Isitoshe, jiko la hospitali lilitoa ugali na maharage kwa wote, kiasi kwamba aliyetoka kupasuliwa na asiye na ndugu mjini alitegemea huruma ya kitanda cha jirani. Siku ya kuruhusiwa tulipewa tarehe ya kutoa nyuzi, si ya kupima uzito. Kliniki ya lishe tuliitafuta wenyewe. Mwenye mgonjwa huko aombe kumwona afisa lishe mara tu baada ya upasuaji, hasa ikiwa ni Ijumaa, na adai mpango wa chakula wa maandishi kabla ya kuondoka.