Gitaa la zamani kwenye duka la poni: lipi ubebe, lipi uliache ukutani

Ukikuta gitaa la jina kubwa kama Martin au Gibson limening'inia kwenye duka la poni, yaani la kukopesha kwa rehani, huku Marekani, usianze kushangilia. Mwenye duka ana simu kama wewe. Jina hilo ameshalitafuta, na bei aliyobandika ni ya soko. Nafuu imo kwenye majina asiyohangaika nayo, ndiyo maana orodha yangu haifuati umaarufu.

Namba moja nampa Yamaha FG wa Japani, hasa FG-180, aliyeanza kutoka mwaka 1966. Chungulia kwenye tundu: ukiona lebo nyekundu yenye jina Nippon Gakki, jina la kale la kampuni ya Yamaha, ndiye huyo. Wajuzi watakucheka kwamba ni plaiwudi tupu. Ni plaiwudi kweli, na mimi namtakia hilohilo. Mbao nzima hupasuka hewa ikikauka, na nyumba za huku wakati wa baridi, hita ikiunguruma usiku kucha, hukauka mpaka midomo inachanika. Plaiwudi huvumilia. Hata ukimpeleka nyumbani Tanga au Mombasa, unyevu wa pwani hautamsumbua sana.

Namba mbili ni Harmony Sovereign H1260 wa Chicago: uso wa mbao nzima ya spruce, mgongo na mbavu za mahogani nzima. Sauti yake ni kavu, inapiga mbele. Harmony pia walitengeneza magitaa yaliyouzwa na kampuni ya maduka ya Sears kwa jina la Silvertone, kwa hiyo usilipite Silvertone bila kumulika ndani. Mara nyingi utakuta muhuri kama F-65. Hiyo 65 ni mwaka.

Tatizo lake ni shingo, na hapa ndipo pesa za watu zinapoliwa. Nyuzi za chuma zimeivuta zaidi ya nusu karne. Nenda na rula ndefu iliyonyooka, ilaze juu ya freti, vile vijiti vya chuma vya shingoni, isukume kuelekea daraja, kile kipande usoni kinachoshika nyuzi. Ikipita juu ya daraja, vizuri. Ikigonga ubavu wa daraja, shingo imelala mbele, na kuing'oa na kuigandisha upya ni mamia ya dola, pengine kuliko gitaa lenyewe. Tazama na kile kijiti cheupe juu ya daraja kinachobeba nyuzi: kikiwa kimesagwa karibu kuisha, kuna mtu alishajaribu kuuficha ugonjwa huo. Uzi mnene ukiinuka zaidi ya milimita 3 juu ya freti ya 12, dai punguzo au aga.

Kwa sauti peke yake, Guild D-25 wa Westerly, Rhode Island, angewashinda wote hao. Nampa namba tatu kwa sababu wenye maduka wameanza kumjua. Gibson LG-0 wa miaka ya 60 mwenye daraja la plastiki anafuata kwa mbali. Hapo unalipia jina. Stella wa uso wa mbao ya birch mwache apambe ukuta, labda kama unapiga blues ya kutelezesha chupa juu ya nyuzi.

Bei ya kwenye kibandiko siyo ya mwisho. Poni humkopesha mwenye mali sehemu ndogo tu ya thamani, asiporudi mali inauzwa, kwa hiyo nafasi ya kushuka ipo. Nenda na noti mkononi, taja kasoro moja moja kwa upole, kisha nyamaza. Na omba wakutupie na kasha. Mara nyingi liko nyuma linakula vumbi.