Dola 149 za mchicha: uzoefu wangu na boksi la kuoteshea mboga ndani

Novemba 2021 nilikuwa natimiza mwaka hapa Minneapolis, Marekani, na kilichonitesa kuliko baridi ni mboga. Wakati wa joto mchicha nilikuwa naupata kwa wakulima wa Kihmong, watu wenye asili ya Kusini-mashariki mwa Asia, sokoni St. Paul, mji wa jirani, lakini theluji ikianguka, ndiyo basi tena hadi Juni. Usiku mmoja nikaona video kwenye simu: boksi jeupe lenye taa juu na maji chini, majani yanachomoza huku muziki laini unapiga. Wanaomba watu wachangie ili walitengeneze. Nikatoa dola 149 kabla sijalala.

Hapo ndipo penye kosa langu la kwanza. Nilichukulia kama mchango wa harusi. Lakini kwenye harusi kuna kamati, na mhazini akila hela unajua anakaa wapi. Huku unachangia watu usiowajua, kwa kitu ambacho bado hakijatengenezwa. Kickstarter wenyewe, tovuti ya michango ya namna hii, waliandika wazi tangu 2012 kwamba wao si duka. Mimi nikanunua kama niko dukani.

Ahadi ilikuwa Juni 2022. Boksi lilifika Machi 2023, baada ya barua pepe nyingi za kuomba radhi. Kampuni siitaji, maana ni ndogo na imeshakufa. Na si kwamba wote huishia hivyo. Click & Grow ya Estonia ilichangisha zaidi ya dola 600,000 Kickstarter mwaka 2013 kwa bustani yao ndogo ya viungo, na vyungu vyao bado nawaona navyo watu.

Ndani ya boksi kulikuwa na tangi la lita 4, pampu ndogo, taa ya LED ya wati 24 na vikombe 9 vya mbegu: letusi, basili na kitu kinanukia kama dawa ya kikohozi. Nikajaza maji, nikamimina mbolea, nikaunganisha na simu. Letusi, nisiseme uongo, iliota vizuri sana. Wiki ya tano nakata majani mabichi, nje theluji imefika kwenye kioo cha gari. Nikampigia mama Morogoro, nikamwelekezea kamera. Akatazama kimya, kisha: "Mwanangu, umenunua taa ya kuotea majani? Hapa mchicha unaota hata kwenye ufa wa choo."

Lakini letusi sikuifuata mimi. Vikombe vya mchicha hawakuwa navyo, na vya kwao vitatu vilikuwa dola 10. Basi nikachukua sponji mpya ya kuoshea vyombo, nikaikata vipande, kila kimoja nikakipasua msalaba katikati na kutia mbegu nne. Mbegu nilizipata kwa muuzaji wa hapahapa, zimeandikwa callaloo, ndivyo Wajamaika wanavyouita mchicha wao. Siku ya tatu zimeshachomoza. Siku ya kumi miche imekuwa mirefu, myembamba, imeinamia taa kama watu wanaochungulia dirishani.

Mchicha ni mmea wa jua kali. Taa inayotosha letusi, kwake ni kivuli. Nikashusha taa mpaka ikabaki kama sentimita kumi juu ya majani, nikang'oa miche sita nikabakiza mitatu. Hapo shina likanenepa. Tatizo likahamia chini: mizizi iliingia kwenye pampu, ikawa inakoroma usiku kama mgeni aliyelala sebuleni. Vitundu nilivyoviacha wazi vilipitisha mwanga, maji yakaota ukijani. Karatasi ya foili juu ya kila kitundu ilimaliza hilo.

Pigo lenyewe likaja 2024. Asubuhi naamka, kumi na mbili na nusu, taa haijawaka. Nafungua programu kwenye simu, inazunguka tu. Mchana ikaja barua pepe: kampuni imefunga, seva zimezimwa, asanteni kwa kuwa nasi. Yaani taa nzima, haijaungua, umeme upo, lakini haina wa kuiamuru. Nilikasirika kuliko siku zote nilizolisubiri boksi lenyewe.

Rafiki yangu fundi akalifungua. Akakata waya unaopita kwenye kibao cha saketi cha intaneti, akaunganisha taa na pampu moja kwa moja kwenye umeme, akachomeka vyote kwenye soketi yenye saa ya kuzungusha kwa mkono, dola 8. Saa 16 zinawaka, saa 8 giza. Boksi halijawahi kufanya kazi vizuri kama sasa.

Na msidhani wadogo tu ndio hufunga. Scotts Miracle-Gro, kampuni kubwa ya mbolea na vifaa vya bustani, walitangaza 2024 kwamba AeroGarden, jina kubwa kwenye mabustani haya ya jikoni, lingefungwa tarehe 1 Januari 2025. Bowery ya New York, iliyokuwa ikilima majani ndani ya maghala na mwaka 2021 kuthaminiwa dola bilioni 2.3, ilifunga Novemba 2024. Plenty, wakulima wengine wa ndani ya maghala, wakaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Machi 2025. Mimi hesabu yangu ya jikoni inanionyesha mahali penye mzigo. Wati 24 kwa saa 16 ni kama uniti 11 na nusu kwa mwezi, chini kidogo ya dola 2 hapa kwetu. Kwangu si kitu. Ila nazilipa kwa ajili ya mwanga ambao Morogoro unamwagika bure, na mwenye ghala zima analipa mara maelfu. Ndiyo maana wanang'ang'ania letusi na viungo, vinavyokua haraka na kuuzwa ghali kwa uzito mdogo. Mahindi ya ugali hayatatoka ghalani.

Nyota tatu kati ya tano: mbili za taa, moja ya tangi. Ukitaka kuchangia boksi la namna hii, waulize mambo mawili kabla ya kutoa kadi. Je, taa inawaka simu ikiwa imezimwa? Na naweza kutia mbegu zangu mwenyewe? Wakizungukazunguka, nunua taa na beseni, utajitengenezea kwa nusu ya bei.

Jana nimechuma. Nikakaanga na kitunguu na nyanya, nikapika na ugali. Mama akauliza nimepata mafungu mangapi. Nikamwambia nusu. Akaguna, akaniuliza kama nimetia nazi.