Ziara ya klabu zilizokufa Berlin: nililipia historia, nikauziwa vichekesho

Nyota mbili. Nilitaka kutoa tatu, maana dereva alikuwa mstaarabu na basi lilikuwa safi, ila kila nikikumbuka yaliyotokea Neukölln mkono unakuwa mzito.

Ilikuwa kiangazi, Julai au Agosti, jua linachoma kweli. Kampuni siitaji, sitaki kesi. Tangazo lao liliahidi "historia kamili" ya klabu za mpira za Berlin ambazo hazipo tena, na mimi nilifuata moja tu: SC Tasmania 1900. Wafuatiliaji wa Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, wanaijua kwa ubaya. Msimu wa 1965/66, mechi 34: ilishinda 2, ikatoa sare 4, ikafungwa 28. Ilifunga magoli 15, ikafungwa 108. Hakuna kibonde aliyewahi kuifikia.

Olympiastadion mambo yalikwenda vizuri, siwezi kusema uongo. Mwongozaji alitusimamisha jukwaani akaeleza kwamba Agosti 1965 Tasmania walifungua msimu hapo hapo, watu 81,500 wamejaa, wakawachapa Karlsruhe 2-0. Januari iliyofuata, walipocheza na Borussia Mönchengladbach, waliingia watazamaji 827. Uwanja ule ule! Nilibaki nimeduwaa, natazama zile safu za viti, najaribu kuwaza hao 827 walikaa wapi na kwa baridi gani. Wakati huo ungeniuliza ningekupa nyota tano bila kufikiri.

Kisha akaongeza kwamba ule ushindi wa Karlsruhe ndio ulikuwa wa kwanza na wa mwisho. Nikasema moyoni, mh, kaka, na Neunkirchen je? Mei 1966, msimu unakaribia kwisha, Tasmania waliwafunga 2-1. Katikati ya ushindi huo na ule wa kwanza kuna mechi 31 bila kushinda. Hiyo ndiyo rekodi ambayo Schalke, timu nyingine ya Bundesliga, nusura waivunje, walifika mechi 30 kabla ya kuwapiga Hoffenheim 4-0 Januari 2021. Sasa mtu anayeuza historia ya Tasmania, ushindi wenyewe ni miwili tu, anaukosaje mmoja? Nikanyamaza. Nikasema labda ni joto.

Tukafika Neukölln, mtaa ilikozaliwa klabu. Hapo jamaa akatoa mkobani karatasi kubwa iliyovikwa plastiki, ina zile takwimu kwa herufi nene nyekundu, na pembeni mtu amechora kinyago chenye pua nyekundu ya duara. Akaiinua juu kama mwalimu wa chekechea. Watu wakacheka, simu zikatoka, picha zikapigwa. Akasema Tasmania walijipenyeza ligi kuu wakapata walichokitafuta. Basi. Sentensi moja, na hadithi imekwisha.

Hapo ndipo nikanyoosha mkono. Nikamuuliza kwa adabu kabisa: mbona husemi Hertha, timu ya Berlin iliyokuwa ligi kuu kabla ya Tasmania, waliondolewa kwa nini? Maana kisa chote kiko hapo. Hertha BSC walitimuliwa Bundesliga mwaka 1965 kwa kuwalipa wachezaji fedha za siri zilizozidi kiwango kilichoruhusiwa. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeshajengwa, Berlin Magharibi imezungukwa pande zote, mchezaji gani mzuri alikubali kuhamia huko bila kuongezewa chochote? Chama cha mpira cha Ujerumani, DFB, hakikutaka ligi ikose timu ya Berlin, kwa sababu za siasa zaidi ya mpira. Mabingwa wa Berlin, Tennis Borussia, walikuwa wameshindwa kwenye mchujo wa kupanda daraja. Wa pili, Spandauer SV, wakakataa. Ndipo wakafuatwa Tasmania, wa tatu, zimebaki kama wiki mbili msimu uanze, wachezaji wakaitwa kutoka likizo. Ni sawa na kukurupushwa usingizini uambiwe bwana harusi katoroka, vaa suti wewe.

Sawa, wangeweza kukataa kama Spandau. Hilo nalikubali, viongozi walikuwa na tamaa yao. Lakini aliyewaweka pale hachorwi pua nyekundu?

Jibu la mwongozaji, kipaza sauti kikiwa wazi: "Rafiki yangu, kwani huko kwenu Hertha mnaijua?" Watu wakacheka tena. Safari hii walikuwa wananicheka mimi. Naishi mji huu, nalipa kodi mji huu, nimesimama jukwaani Olympiastadion kwenye baridi ambayo yeye pengine alikuwa ameikimbia. Sikumjibu. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu ndiye pekee aliyegeuka akatikisa kichwa kwa kusikitika.

Kituo cha mwisho kilikuwa Werner-Seelenbinder-Sportpark. Akaonyesha uwanja, akasema: "Na hawa hapa, bado wapo, bado wanafungwa." Jamani! Tasmania ile ilikufa mwaka 1973 kwa madeni. Inayocheza pale ni klabu nyingine, iliyoanzishwa mwaka huo huo kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Ziara ya marehemu, na kiongozi wake hajui aliyekufa ni nani. Halafu wakati wa kushuka anapitisha kadi yenye msimbo wa kuskani, mwekee bahashishi.

Niliwaandikia kulalamika. Walichukua muda wao, kisha wakajibu kwamba wanasikitika "ucheshi wa mwongozaji haukunifurahisha," wakanipa punguzo kwa ziara nyingine. Namba ya punguzo: TAS108. Nikaisoma tena nikidhani nimekosea.

Kwa hiyo zile nyota mbili nazifuta, ni moja. Hata hiyo moja mpeni dereva. Ila kama hujawahi kuingia Olympiastadion, sehemu ile ya kwanza ina thamani yake, siwezi kukuzuia. Ukisikia tu "sasa tunaelekea Neukölln", teremka, panda treni ya chini ya ardhi, U8, hadi Leinestraße, tembea kidogo ufike uwanjani mwenyewe.