1A2 au Merlin: mfumo upi wa zamani wa simu za laini nyingi?

Anayefufua simu za zamani za ofisi za Marekani, zile ambazo kifaa kimoja kina vitufe vya laini kadhaa, hujikuta kati ya 1A2 ya Western Electric, ya miaka ya 1960, na Merlin ya AT&T, ya miaka ya 1980.

Kufunga Merlin ni rahisi zaidi: jozi 4 za nyaya kwa kila simu, basi. 1A2 inadai kebo nene ya jozi 25, na kila laini hula jozi 3: ya sauti, ya udhibiti na ya taa. Kuzipanga kwa rangi kunachosha kweli.

Lakini kwenye hitilafu nasimama na 1A2 bila kusita. Kila laini ina kadi yake ya saketi. Taa haiwaki? Pima volti 10 za taa, kisha kagua balbu. Laini inakatika ukibonyeza kitufe chekundu cha kusubirisha? Angalia jozi ya udhibiti. Ikiwa nzima, badilisha kadi na ya laini jirani uone kama tatizo linahama. Umeme ukikatika, taa huzima ila bado unaweza kupiga simu.

Merlin hutegemea kitengo chake kikuu kwa kila kitu. Kikifa, simu zote hunyamaza, na dawa ni kutafuta kingine kizima.