Big Pit, Wales: Mgodi Unaosimuliwa na Waliofanya Kazi Migodini

Katika vivutio vyote vya mabonde ya kusini mwa Wales, ambayo kwa vizazi vingi yaliishi kwa makaa ya mawe, ninachokipendekeza kwanza ni Big Pit, mgodi wa zamani wa Blaenavon ambao sasa ni Makumbusho ya Taifa ya Makaa ya Mawe. Wageni hushushwa kwa lifti ya mgodi hadi mita 90 chini ya ardhi. Kabla ya hapo hukabidhi simu, saa na kila chenye betri, kwa sababu sheria za kuzuia cheche mahali panapoweza kuwa na gesi ya methani zingali zinafuatwa. Kisha huvaa kofia ngumu yenye taa na mkanda uliobeba betri yake. Anayependa picha atasikitika, lakini masharti hayo ndiyo yanayomthibitishia kwamba ameingia mgodini kwelikweli.

Waongozaji ndio hazina ya mahali hapa, kwani kazi hiyo imefanywa hasa na watu waliochimba makaa wenyewe. Mwongozaji anapowaomba wageni wazime taa mbele ya mlango wa kupitishia hewa, huwaeleza kwamba watoto waliketi katika giza kama hilo kuufungua na kuufunga, hadi sheria ya 1842 ilipokataza wavulana walio chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi. Hapo kundi zima hunyamaza. Mazizi ya farasi waliovuta mikokoteni ya makaa mgodini nayo yamehifadhiwa, na majina ya wanyama hao yangali juu ya vibanda vyao. Dari ni ya chini, kwa hiyo mwenye maumivu ya mgongo afikirie vizuri. Maonyesho ya juu, yaliyomo katika mabafu ya wachimbaji ya mwaka 1939, yanamtosha.

Mgodi ulifungwa mwaka 1980 na kupokea wageni kuanzia 1983, na mwaka 2000 UNESCO iliiingiza Blaenavon katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, mwaka 1908 Big Pit iliajiri watu 1,122, idadi ambayo makumbusho hayawezi kuifikia, na nafuu ya mji inategemea mgeni kutoishia langoni. Ndiyo maana namshauri kila anayekwenda atenge siku nzima, aone pia tanuri za chuma za mwaka 1789, kisha ale na kununua mahitaji yake katika maduka ya mjini.