SQLite kwa anayeanza kujifunza amri za SQL: uzoefu wangu

Nimetumia SQLite kujifunzia amri za msingi za SQL, yaani lugha ya kuulizia na kubadilishia data katika hifadhidata, na kwa maoni yangu inamfaa sana msanidi programu anayeanza, ilimradi azibe mapema mianya michache nitakayoieleza. Programu hii ya hifadhidata, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, hutolewa bure, haihitaji seva wala nenosiri, na hifadhidata nzima hukaa ndani ya faili moja. Kwa mwanafunzi hilo si jambo dogo, kwa kuwa anaweza kunakili faili, akajaribu amri yoyote aitakayo, na akiharibu akaitupa nakala na kuanza upya.

Kabla ya hapo nilikuwa nimelipia kozi ya mtandaoni ambayo mazoezi yake yalikuwa ya kuchagua jibu sahihi. SELECT (ya kuchagua data) na WHERE (ya kuweka sharti) huonekana nyepesi mno zikiwa zimeshaandikwa na mtu mwingine! Kwenye SQLite unaziandika mwenyewe na majibu yanatoka papo hapo; .tables hukuonyesha majedwali yaliyopo, na .schema hukuonyesha jinsi yalivyoundwa.

Sehemu iliyonifaidi zaidi ni ile ya NULL, yaani thamani isiyojulikana. Tuseme kuna jedwali la wateja, na baadhi yao hawana namba ya simu. Ukiandika WHERE simu = NULL hupati hata mstari mmoja, wala huonywi kwamba umekosea, kwa sababu kulinganisha chochote na NULL hakutoi jibu la kweli wala la uongo; inakupasa uandike WHERE simu IS NULL. Vivyo hivyo, ukiunganisha wateja na oda zao kwa JOIN ya kawaida, mteja ambaye hajaagiza kitu hatokei kabisa, ilhali kwa LEFT JOIN anabaki, na upande wa oda unajazwa NULL. Niliendesha amri hizo mbili mfululizo juu ya majedwali yale yale, na tofauti ya idadi ya mistari ikanifafanulia jambo ambalo kozi ile ililipitia juu juu tu.

Nilizoea pia kutanguliza BEGIN kabla ya UPDATE (ya kubadilisha data) au DELETE (ya kufuta), ili matokeo yasiponiridhisha niyarudishe kwa ROLLBACK.

Kasoro yake kubwa, kwa mwanafunzi, ni ulegevu. Safu iliyotangazwa kuwa INTEGER hupokea neno 'kumi' bila kinyongo, isipokuwa jedwali limeundwa kwa kutumia STRICT, iliyoingia katika toleo la 3.37 mwaka 2021. Funguo za kigeni, yaani safu zinazorejelea mistari ya jedwali jingine, nazo kwa kawaida hazikaguliwi mpaka uandike PRAGMA foreign_keys = ON, tena kila unapoifungua hifadhidata upya. Ningemshauri anayeanza atumie vyote viwili tangu jedwali lake la kwanza, la sivyo atashangaa PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata iliyo kali zaidi, ikimkatalia data aliyozoea kuiingiza.

Zaidi ya hayo, SQLite haina akaunti za watumiaji, hivyo GRANT na REVOKE, amri za kutoa na kuondoa ruhusa, huwezi kuzifanyia mazoezi humo. Nilipohamia PostgreSQL kwa ajili hiyo, amri zangu nyingi za SELECT zilifanya kazi bila kuguswa. Nilizolazimika kuziandika upya ni zile za tarehe, kwani SQLite haina aina mahususi ya data ya tarehe na huzihifadhi kama maandishi au namba.